Stakabadhi ya Kijiji

Mwezi Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi karatasi iliyowatoa Serengeti, wao na mifugo yao. Walikubali, au waliambiwa wamekubali, kuhamia upande wa Ngorongoro. Mwaka uliofuata eneo la zamani likagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi ya wanyama bila watu, na Ngorongoro ikawekewa utaratibu wa peke yake, mfugaji, ng'ombe wake na wanyamapori wakae pamoja. Mengi yameandikwa juu ya karatasi ile, na mabishano yake hayajaisha. Mimi hunivutia jambo moja tu ndani yake: hakuna kijiji. Kuna wazee, kuna serikali ya mkoloni, kuna wanyama, lakini hakuna chombo chochote cha wenyeji ambacho kingeweza kupokea hata senti moja kutoka kwa mgeni atakayekuja kuitazama nchi waliyoiacha.

Na wageni walikuja. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti ilitoka mwaka 1959, ikapata tuzo ya Oscar, na Wazungu wengi waliokuwa hawajawahi kuisikia Arusha wakaanza kuiulizia. Njia yao ilikuwa ile ile mwaka hadi mwaka: Arusha, Makuyuni, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha kurudi. Vijiji vilikuwa vitu vya kuonekana dirishani. Aliyesimama kando ya barabara na mkuki wake alipigwa picha, akarushiwa shilingi, gari likaondoka.

Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilikuwa na hadithi yake tofauti kidogo. Tangu Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, Wachaga wa pale wamekuwa wakibeba mizigo ya wageni na kuwaonyesha njia, na kazi hiyo imesomesha watoto wengi. Hata hivyo ulikuwa ujira wa mtu na mtu. Mpagazi alilipwa, akaenda kwake. Kijiji kama kijiji hakikuwa na hesabu ya kusoma mbele ya watu.

Baada ya uhuru serikali iliutaka utalii, na iliutaka kwa haraka. Azimio la Arusha la 1967 liliweka mabenki na viwanda mikononi mwa umma, na miaka miwili baadaye utalii nao ukaundiwa shirika, lililojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, TTC. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza 1969, ulitenga fedha nyingi za hoteli: Lobo iliyopachikwa kwenye majabali kaskazini mwa Serengeti, ile ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, Mikumi, Kunduchi, Bahari Beach, Mafia. Majengo mengine ni mazuri mpaka leo, hata pale ambapo mabomba hayatoi maji.

Mwaka 1970 wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza hadharani: haya yote ni ya nini katika nchi ya kijamaa? Ubishi ukaenea katika kurasa za gazeti la The Standard kwa miezi. Vijana walisema utalii unamfundisha Mwafrika kunyenyekea mbele ya Mzungu kwa mara ya pili, kwamba fedha za kigeni zinazoingia zinatoka tena kununua samani na vinywaji vya wageni hao hao, na kwamba unaifunga nchi kwenye mtaji wa nje. Waliowajibu walisema nchi inahitaji fedha za kigeni, na simba hawahitaji kiwanda. Issa Shivji alikusanya mjadala ule ukawa kitabu mwaka 1973. Ni kitabu kinachostahili kusomwa tena, ingawa huwezi kukosa kuona kwamba ubishi mzima kuhusu mustakabali wa mwanakijiji uliendeshwa kwa Kiingereza, katika gazeti ambalo mwanakijiji huyo hakulisoma.

Wakati wasomi wakibishana, jambo jingine lilikuwa likiandaliwa ambalo halikuwa na uhusiano wowote na utalii. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walipandishwa malori huku nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa moto. Machungu ya zoezi lile bado yanasimuliwa na waliokuwa watoto wakati ule, na sina nia ya kuyapunguza. Lakini lilifuatiwa na sheria. Sheria ya vijiji ya 1975 ilikipa kijiji kilichoandikishwa hadhi ya kisheria, na sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ikaikamilisha: halmashauri ya kijiji inaweza kumiliki mali, kufungua akaunti, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Juu yake upo mkutano mkuu wa watu wazima wote wa kijiji, unaopaswa kusomewa mapato na matumizi.

Hapa ndipo historia inapochekesha. Ujamaa uliouogopa utalii ndio uliotengeneza mkono ambao baadaye ungepokea fedha za mtalii. Nchi nyingi za Afrika zilipoanza kuzungumzia utalii wa wanavijiji miaka ya 1990, kazi ya kwanza ilikuwa kubuni chombo cha kijiji: kamati, ushirika, amana. Tanzania ilikuwa nacho tayari, pamoja na mwenyekiti, mtendaji, mhuri wa mviringo na kitabu cha stakabadhi.

Mkono huo ulikaa mtupu kwa muda mrefu. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na hoteli za kaskazini zilizokuwa zikitegemea magari ya kutoka Nairobi zikabaki na wahudumu wasio na wa kumhudumia. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Katikati kulikuwa na vita vya Uganda na miaka ya foleni za sukari. Chini ya Rais Mwinyi milango ya biashara ilifunguliwa, kampuni binafsi za utalii zikachipuka Arusha, TTC ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Bodi ya Utalii. Mwaka 1990 nchi ilipokea wageni wapatao 153,000. Mwaka 2000 walikuwa wamefika nusu milioni.

Waliotangulia kukitumia kijiji kama mshirika wa mkataba walikuwa wachache. Simanjiro na Loliondo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Dorobo Safaris ilifanya makubaliano na vijiji: kampuni ilete wageni kupiga kambi za mahema na kutembea kwa miguu, kijiji kilipwe ada ya mwaka na ada ya kila kitanda kwa kila usiku, na wanakijiji wasilime wala kuchoma mkaa katika eneo lililotengwa. Mifugo iliruhusiwa kulisha kama kawaida. Ololosokwan, iliyopakana na Serengeti, nayo ikaja kuwa na mkataba wake na wenye kambi. Kwa vijiji vya wafugaji, ambavyo hapo kabla havikuwa na chanzo cha mapato zaidi ya michango na faini, fedha hizi zilikuwa nyingi.

Lakini huo ulikuwa bado utalii wa wanyama. Utalii wa kwenda kumwona mkulima akipalilia migomba, uliokuja kuitwa utalii wa utamaduni, ulianza katikati ya miaka ya 1990, na haukuanzia serikalini. Vijana wa Kimaasai wa kaskazini walilifuata Shirika la Maendeleo la Uholanzi, SNV, wakitaka kusaidiwa wapate chochote kutokana na magari yanayowapita kila siku. SNV ilikuwa na watu wake Arusha, na iliichukulia kazi ile kwa uzito. Longido ikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza. Ng'iresi na Ilkiding'a kwenye miteremko ya Mlima Meru zikafuata, kisha Mto wa Mbu, Mulala, Mkuru yenye ngamia, Engaruka yenye magofu ya mifereji ya kale, Monduli Juu, Machame, Usangi na Mbaga huko Upare, Lushoto, Babati, Pangani, hata Gezaulole ng'ambo ya Kigamboni, ambacho kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa katika eneo la Dar es Salaam. Bodi ya Utalii ilishirikiana na vijiji hivyo na kuvipa dawati la kutangaza.

Ufundi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kushangaza. Kila kijiji kilikuwa na kipeperushi cha kurasa chache kikieleza ufike vipi kwa daladala au basi, utembee wapi, ulale kwa nani, na ulipe nini. Hakuna hoteli iliyojengwa. Mgeni alilala kwenye hema uani kwa mtu au katika nyumba ya wageni iliyokuwapo tangu awali. Alikula kilichopikwa na akina mama wa kikundi. Alitembea kwa miguu na vikundi vilikuwa vidogo, kwa sababu njia ya katikati ya mashamba haipitishi watu 30 bila kukanyaga maharage ya mtu.

Kisha bei. Ilichambuliwa waziwazi kwenye karatasi: kiasi hiki cha mwongozaji, hiki cha mratibu, hiki cha chakula, na hiki ada ya maendeleo ya kijiji. Ada hiyo ilikuwa ndogo, wakati mwingine sawa na bei ya soda chache kwa kichwa. Ila ilikatiwa stakabadhi, na mgeni aliambiwa aidai. Kwa macho yangu hicho kilikuwa kitu kipya kuliko vyote katika mpango ule. Kwa mara ya kwanza mtalii alikuwa na karatasi inayosema amelipa kijiji, na kijiji kikawa na kishina cha karatasi hiyo hiyo.

Mto wa Mbu ndipo mpango ulipoonyesha vizuri zaidi ulichoweza. Mji huu umekaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mlangoni pa Hifadhi ya Ziwa Manyara. Mpaka miaka ya 1950 ilikuwa nyika yenye watu wachache na, kama jina linavyojieleza, mbu wengi. Mifereji ilipochimbwa kuchukua maji yanayoshuka ukutani, watu walianza kumiminika kutoka kila pembe ya nchi kutafuta shamba lenye maji, na wenyeji hupenda kukuambia kwamba makabila yote 120 ya Tanzania yana mtu wake pale. Sijui nani aliyehesabu, ila ukipita na mwongozaji huwezi kumbishia sana. Katika matembezi ya nusu siku unakuta mtu wa Kigoma akikamua mawese kwa namna aliyoijia nayo kutoka kwao, Mrangi akisuka mikeka ya mafunjo yaliyokatwa ziwani, Msandawe akichonga pinde na mishale, Wamakonde wakiwa wamekaa kwenye vumbi la mpingo, na Mchaga akitengeneza mbege yake.

Hapo kwa Mchaga wageni hukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Ndizi zilizoiva hupikwa, zikaachwa kwenye pipa siku kadhaa, zikachujwa, kisha ukaongezwa uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa. Mgeni anakabidhiwa kibuyu au jagi la plastiki, kutegemea nyumba, anaona chembe zikielea juu, anasita, anamtazama mwongozaji. Wazee waliokuja kunywa zao hawambembelezi. Wamekuja kwa sababu ni saa yao ya pombe, na wangekuwapo hata kama basi la watalii lingeharibikia Makuyuni.

Hicho ndicho kinachoutenga utalii wa namna hii na ngoma za kulipiwa. Hakuna kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni isipokuwa ratiba. Mfereji upo kwa sababu mpunga na migomba vinahitaji maji, na mgeni anauruka kama mtu mwingine yeyote. Mto wa Mbu faida ya kijiji ilikwenda kwenye majiko yanayotumia kuni kidogo, jambo lililokuwa na maana mahali ambapo wanawake walikuwa wakitafuta kuni karibu na mipaka ya hifadhi. Longido fedha zilikwenda kwenye josho la ng'ombe. Ng'iresi zilisaidia shule ya msingi. Mulala, ambako kikundi cha akina mama cha Agape kilikuwa kikitengeneza jibini na mikate, kupokea wageni kulikuwa ni nyongeza tu ya shughuli walizokuwa nazo tayari.

Mwaka 2001 SNV ilikabidhi mpango kwa Watanzania wenyewe ikaondoka. Waratibu waliokuwa wakilelewa wakaachwa wajitegemee chini ya usimamizi wa Bodi ya Utalii, ambayo ofisi yake ya utalii wa utamaduni ilikaa katika Boma la kale la Wajerumani, Arusha. Miaka ile ile, barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ikawekwa lami kwa msaada wa Japani. Magari yaliyokuwa yakilala Mto wa Mbu kwa sababu ya vumbi na uchovu sasa yangeweza kupita bila hata kusimama kununua ndizi nyekundu. Mgeni anayekuja kwa basi na begi mgongoni alizidi kuwa mchache, na mgeni wa kampuni akazidi kuwa mwingi.

Mgeni wa kampuni ana dereva, na dereva ana mamlaka kuliko ratiba yoyote. Yeye ndiye anayeamua kama kuna muda wa kusimama kijijini, na yeye ndiye anayejua bei ambayo mgeni hajui. Watafiti waliochunguza maboma ya utamaduni ya Ngorongoro, yale yaliyojengwa kando ya barabara ili wageni waingie kwa malipo, waliripoti kwamba sehemu kubwa ya kiingilio ilikuwa ikiishia mikononi mwa madereva kabla ya kuwafikia wenye boma. Wenye boma walijua. Kumkasirisha dereva ni kumpeleka kwenye boma la jirani.

Noel Salazar, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji aliyefuatana na waongozaji wa Arusha, aliliona jambo jingine: mwongozaji wa kutoka nje ya kijiji humsimulia mgeni Mmaasai au Mwarusha ambaye mgeni tayari anaye kichwani, asiyejua shule, simu wala kanisa, na wenyeji wanasimama pembeni wakisimuliwa kwa lugha wasiyoielewa. Ndiyo maana mpango wa awali ulisisitiza mwongozaji awe kijana wa pale pale. Kijana anayemwongoza mgeni katika shamba la shangazi yake hawezi kudanganya sana. Shangazi atauliza walikuwa wanacheka nini.

Kwa upande wa mikataba ya vijiji na kampuni, pigo lilitoka serikalini. Kuanzia 2003 vijiji vilihimizwa kuungana katika maeneo ya hifadhi ya jamii ya wanyamapori, yenye masharti mengi na mipango ya kitaalamu ambayo kijiji peke yake hakiwezi kuiandaa. Kisha kanuni za 2007 kuhusu utalii wa picha zikataka ada zilizokuwa zikilipwa moja kwa moja kijijini zipitie Idara ya Wanyamapori kwanza. Serikali ilikuwa na hoja yake: wanyama ni wa taifa, na kampuni nyingine zilikuwa zikivipunja vijiji kwa mikataba iliyosainiwa chini ya mti. Ila fedha iliyopita Dar es Salaam kabla ya kufika Simanjiro ilikuwa ikichelewa na kupungua, na mkutano mkuu wa kijiji hauna namna ya kumwita mkurugenzi wa idara asimame aeleze. Mwenyekiti wao walikuwa wakimwita, na wenyeviti wengine waling'olewa kwa hesabu hizo hizo.

Utalii wa utamaduni ulinusurika na hilo kwa sababu haukuwa na mnyama wa kugombaniwa. Badala yake ulisambaa, ukapungua uzito. Leo vituo vilivyosajiliwa ni makumi, kutoka Kilimanjaro hadi kusini na Kanda ya Ziwa, na vingi ni biashara ya mtu mmoja au familia yenye jina la kijiji. Sioni ubaya wa mtu kufanya biashara. Mratibu aliyekaa miaka kumi akipokea wageni usiku wa manane ana haki ya kupata chake. Ubaya ni pale kipeperushi kinapoendelea kuahidi ada ya maendeleo ya kijiji ambayo kijiji hakijaiona, kwa sababu mgeni anachagua kituo hicho kwa kuamini anachangia dawati la shule.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, wageni wa nchi nzima walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi takriban 620,000. Hoteli zilipunguza wafanyakazi, madereva wa Arusha wakauza magari. Vijijini hali ilikuwa ya namna nyingine. Mwenye migomba alibaki na migomba, muuza mawese aliwauzia majirani kama zamani, na mbege iliendelea kunywewa. Walioumia ni vijana waongozaji waliokwisha kuacha jembe, na akina mama waliokuwa wamekopa kununua masufuria na viti vya wageni.

Wageni waliporudi hawakupitia tena kwenye dawati la Boma wala kwenye kipeperushi. Wanamtafuta mwongozaji kwa jina, kwenye mtandao, wanamlipa kwa simu wakiwa bado kwao, na ratiba inapangwa kwa ujumbe mfupi. Mwongozaji mwaminifu hukata ada ya kijiji na kuipeleka ofisini. Asiyekuwa mwaminifu haulizwi na mtu, kwa kuwa mgeni hakuwahi kuambiwa kwamba kuna stakabadhi ya kudai, na mtendaji wa kijiji hupata habari za ugeni pale kundi linapopita mbele ya ofisi yake likielekea kwa mzee wa mbege. Baadhi ya vijiji sasa vinawataka waongozaji waandikishe kila kundi kwanza na kulipa papo hapo. Waongozaji wanalalamika kwamba ofisi hufunguliwa saa tatu, na wageni wao wanataka kuanza kutembea saa mbili, kabla ya jua kali.